Meno 32 kwenye bao la babu

Muhula wa kwanza wa kozi ya usaidizi wa huduma za meno, hapa Mtwara, nilikuwa kliniki kwenye mazoezi. Daktari akachungulia kinywani mwa mama mmoja, akasema, "Arobaini na sita, limetoboka." Mimi kwenye kadi nikaandika 36. Bahati nzuri, kabla ya kuchoma ganzi alimwomba mama aoneshe panapouma. Kidole kikaenda kulia. Kadi yangu inasema kushoto! Daktari hakunigombeza. Alinitazama tu, na bora angenigombeza.

Kinywa cha mtu mzima kinagawanywa robo nne, kila robo meno manane. Kila jino lina namba ya tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni jino lenyewe, ukihesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma. Chonge ni 3, gego la kwanza kubwa ni 6, la mwisho kabisa ni 8. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, siyo kwako. Hapo ndipo nilipokuwa nazama.

Mwisho wa wiki nikapanda gari kwenda Newala. Nisiseme uongo, nilifuata karo; malipo ya korosho yalikuwa yameshaingia. Nikamkuta babu barazani anacheza bao na jirani. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Nikawa natazama tu kete zinavyosambazwa, mara nikashtuka: safu nne, mashimo manane manane. Thelathini na mawili!

Jirani alipoondoka nikamwomba babu tucheze mchezo wangu. Safu ya kwanza robo ya kwanza, ya pili ya pili, hadi ya nne. Babu anatia kete moja shimo lolote, mimi nataja. Safu ya tatu, shimo la sita: 36. Nikikosea, kete inakuwa yake. Usiku ule alinifilisi.

Suala la kulia na kushoto alilimaliza kwa sentensi moja. "Mjukuu wangu, anayecheza nawe amekukalia mbele. Mkono wake wa kulia uko upande gani kwako?" Miaka yote natazama bao, sikuwahi kuliwazia hilo.

Meno ya utoto yalikuwa rahisi baada ya hapo: robo zinaitwa 5 hadi 8, na kila safu unatumia mashimo matano tu, jumla 20. Mambo mengine ya kozi, kama kuosha vifaa damu iishe ndipo viingie kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, yalikuwa ya kukariri na kuzoesha mikono. Hayakunisumbua.

Asubuhi ya kuondoka babu akaachama mdomo. "Haya, nihesabu na mimi." Yamebaki tisa. Nikawa nayagusa kwa mpini wa kijiko huku nataja: 13, 12, 23... Nilipofika 33 akaruka kitini.

"Hilo linaniuma tangu msimu uliopita."

"Mbona hukusema, babu?"

"Ningemwambia nani? Lilikuwa halina jina."

Nikarudi Mtwara na karo mkobani, na babu amekaa kiti cha dirishani.