Mwanaume mzima unasikiliza taarabu

Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala. Jumapili naimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na siku zilizobaki niko kibarazani kwangu, cherehani mbili na overloku moja, spika inapiga taarabu. Na sisemi ile ya fidla na ganuni, wasikilizaji wametulia na suti zao. Mimi ni mtu wa rusha roho: kinanda kinalia, besi linakoroma, mwanamke kashika maiki anamwambia jirani yake yote aliyoyaweka kifuani tangu mwaka juzi.

Nayaandika haya kwa sababu kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao limenikalia kikao. Niliweka status ya gauni la lesi nililolimaliza kushona, wimbo unasikika kwa nyuma. Nilikuwa natangaza mshono. Hakuna aliyeuliza bei. Wa kwanza akaandika, "Mwanaume mzima unasikiliza taarabu?" Wakafuata wa kucheka. Mwingine, ambaye siku hizi ni mchungaji, alinifuata pembeni bila hata salamu akanitupia Warumi 12:2, wala msiifuatishe namna ya dunia hii.

Nikajiunga na kundi la wapenzi wa taarabu Facebook, nikidhani huko ndiko kwetu. Kumbe! Nilipotaja bendi ninazozipenda, wazee wa taarabu asilia wakanishukia kama mwewe. Hiyo siyo taarabu, ni kelele. Kasikilize Ikhwani Safaa kwanza ndipo uje kuongea na watu. Naiheshimu Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 si cha kuchezea. Ila nikiwa na magauni kumi ya kukabidhi Ijumaa, ile taarabu inanilaza.

Nimekulia Mwanza, baba yangu mzee wa kanisa. Nyumbani kulikuwa na nyimbo za Mungu na nyimbo za dunia, basi. Redio ilipiga kanda za kwaya, AIC Chang'ombe na Ulyankulu Barabara ya 13, na mpaka leo nikizisikia nasimama. Lakini tulikuwa na mpangaji, mama mmoja wa Tanga, ambaye Jumamosi alikuwa anafua huku kaseti yake inaimba. Ilikuwa miaka ya 1990, bendi za TOT na Muungano zinarushiana vijembe jukwaani, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, na mashabiki nao wamegawanyika. Mtoto wa mlokole nitayajuaje hayo? Niliyajua kwa sababu siku za Jumamosi ndoo zangu za maji zilikuwa nzito kuliko siku nyingine, kila hatua mbili napumzika karibu na dirisha lake.

Siku moja baba akanisikia naimba kiitikio cha yule mama. Hakunichapa. Alinisimamisha sebuleni mbele ya wadogo zangu, akaniwekea mkono utosini, akakemea roho ya dunia. Bakora ingekwisha uchungu wake kesho yake. Mkono ule mpaka leo, wimbo ukikolea, utosi unapata joto.

Mwaka 2011 nilishahamia Dar. Wasanii wa Five Stars Modern Taarab walipata ajali ya barabarani Mikumi, wakafa watu zaidi ya 10. Jumapili iliyofuata, mhubiri mmoja aliisema ajali ile madhabahuni kama mfano wa mwisho wa watu wa dunia. Nilikuwa nimekaa na wenzangu wa besi, joho limenibana shingo. Nina CD yao kibarazani! Niliporudi nikaizika chini ya vipande vya vitambaa kwenye droo. Sikuitupa. Nilichojiuliza usiku ule ni kwamba mabasi ya kwaya nayo yamewahi kupinduka, na siku hizo tunaambiwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wale wa Mikumi Bwana hakuwatwaa?

Mwaka 2016 Mzee Yusuf, mfalme mwenyewe wa taarabu, akatangaza kuacha muziki amrudie Mola wake. Wateja wangu wengine waliomboleza kama wamefiwa, wengine wakasema Alhamdulillahi, na mmoja alifanya yote mawili huku nampima kiuno. Mwaka 2020 akarudi kwenye taarabu, na mitandaoni wakamla nyama. Waliompongeza kwa kuacha walimlaani kwa kurudi. Mimi nilimwelewa kote kuwili, kuacha kwake na kurudi kwake. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alinimalizia hivi: "Fundi, mimi naswali swala tano, na Jumamosi nina harusi. Mungu anajua kuhesabu, hawezi kunichanganyia mafungu." Nilikuwa sijawahi kumsikia Mwislamu akiusema mgogoro wangu. Nilidhani ni wa walokole peke yetu.

Na hapa niseme jambo ambalo mchungaji wangu wa pembeni hatalipenda. Mipasho niliifahamu kanisani kabla sijaisikia kwa mpangaji. Nenda kwenye maombi ya akina mama, kaa nyuma, tega sikio. "Bwana, kuna mtu humu ndani, unamjua kwa jina, anakula na sisi, anacheka na sisi, na mdomo wake umebeba nyumba za watu. Mguse, Bwana!" Wote wanaitikia amina, na wote wanajua ni nani, na yeye mwenyewe anaitikia kwa sauti kuliko wote. Sisi tuliokulia humo hatukuruhusiwa kumwambia mtu "umeniumiza". Ilikuwa tuombe. Uchungu ukavaa joho, ukafumba macho, ukanyoosha mikono. Yule mama wa Tanga alipoweka kaseti yake nilimsikia mtu anasema waziwazi kwamba kaumizwa, na anacheza juu yake. Nikaipenda taarabu kwa ajili hiyo. Kinanda kilikuja baadaye.

Kuhusu hilo la "mwanaume mzima" sina maneno mengi. Hao hao, Simba na Yanga wakikutana, vijembe vyao kwenye kundi vingemfanya Khadija Kopa achukue kalamu.

Wale wa asilia ndio wananikera zaidi, maana wanasahau walikotoka. Siti binti Saad, wanayemtaja kila wakitaka kutunyamazisha, alitoka kijiji cha Fumba, Unguja, mtoto wa watu maskini, na mjini walimcheka kwa kaniki yake, eti bila sauti angekula nini. Akawajibu kwa kuimba. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, kwa Kiswahili cha watu, visa vya watu na kesi zao mahakamani. Angekuwa hai leo na simu, waungwana wa mjini wangemjazia matusi chini ya video zake, halafu miaka mia mbele wajukuu wao wamtumie kuwasuta wengine.

Mchungaji nilimjibu, "Amina, mtumishi." Jioni ileile nikaweka status nyingine, gauni la zambarau, wimbo uleule. Kundi la Facebook nimetoka. Kundi la shule nimebaki, wadeni wangu wawili wako humo.

Sare za kwaya za Pasaka nazishona mimi. Wanakwaya wakija kupima wanaikuta spika inapiga, na siku hizi siipunguzi. Mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni kitambo, kichwa kimeinama upande, kisha akasema huyo mpiga besi anajua kazi, tungempata Pasaka hii tungetisha. Akatoa pesa ya kitambaa, akaenda zake. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alisubiri wenzake watoke ndipo akaniuliza huo wimbo unaitwaje. Nimrushie, lakini usiku, mumewe akishalala.