Siku Moja Maishani Mwangu: Kuvuta Trela kutoka Elkhart hadi Toledo

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kupeleka kwa wauzaji trela mpya za matembezi, zile ambazo Wamarekani hulala ndani yake wakiwa safarini, nikizichukua Elkhart, Indiana, ambako viwanda vyake vingi vimekusanyika. Ya leo ina kilo 2,700. Kabla ya kuiunganisha, ninapima kimo cha pikapu kutoka ardhini hadi ukingo ulio juu ya gurudumu la mbele, nacho ni sentimita 95.

Saa 1. Shingo ya trela, yaani sehemu ya mbele inayounganishwa na gari, inapokalia tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu, takriban kilo 330 zinakandamiza nyuma ya ekseli ya nyuma, na pua ya gari inanyanyuka hadi sentimita 98. Hilo halivumiliki, kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kwa hiyo ninatumia kiunganishi cha kugawa uzito, chenye vyuma viwili vya springi vinavyovutwa juu kwa minyororo iliyoshikwa kwenye fremu ya trela. Vikikazwa, hufanya kazi kama mikono ya toroli inapoinuliwa, uzito ukahamia mbele, na sehemu nyingine ikaenda kwenye magurudumu ya trela. Kwanza ninainua shingo na nyuma ya pikapu kwa jeki, kwa sababu chuma kilichokazwa hivyo kikifyatuka kinaweza kuvunja mkono. Kipimo kinashuka hadi 96, nami ninaridhika.

Saa 2. Kwenye mzani wa malori ninahakikisha kwamba ekseli ya mbele imerudishiwa sehemu kubwa ya kilo zake.

Saa 3. Barabarani upepo wa malori unatusukuma, lakini trela inatulia. Utulivu huo hautokani na springi peke yake: shingo inapaswa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, na kiunganishi hiki hakiongezi hata kidogo uwezo wa gari kuvuta.

Saa 5:30. Lango la muuzaji, Toledo, Ohio, lina mteremko mkali, hivyo ninalegeza springi kabla ya kuingia, zisije zikapinda. Ninamweleza mpokeaji kwamba mnunuzi akishajaza maji na mizigo, uzito wa shingo utabadilika, kwa hiyo apime upya kwa gari lake mwenyewe.