Siku moja maishani mwangu: tovuti yenye alama mia kwa mia

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni kukagua tovuti na kusema ni nani atashindwa kuzitumia, na kwa nini. Ya leo ni tovuti ya kuomba kazi: unajisajili, unajaza fomu ya hatua nne, unapakia wasifu, unatuma. Wenyewe wameniandikia tangu jana kwamba wameshaipima kwa programu, wamepata mia kwa mia, na kilichobaki ni muhuri wangu tu. Nimewashukuru. Muhuri sina.

Naanza kwa kuirudia programu ile ile. Kweli, mia. Halafu natazama bango la ukurasa wa kwanza: maandishi mbadala ya picha ni "bango-jipya-mwisho-kabisa-2". Mashine imeona kwamba maandishi yapo, ikaridhika. Kama yana maana kwa asiyeiona picha, hilo haliulizi. Juu ya bango hilo hilo kuna maneno meupe yaliyolala kwenye anga lenye mawingu meupe. Kipimo ninachokagulia kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa mwangaza, kwa uwiano wa angalau 4.5:1, lakini maneno yakikaa juu ya picha, programu nyingi huyaacha bila hukumu kwa kuwa hazijui zilinganishe na rangi ipi. Napima mwenyewe, palipo na mawingu. Hayasomeki.

Saa 3:00

Kipanya kinaingia kwenye droo. Kuanzia hapa ni kibodi peke yake, kama anavyofanya mtu ambaye mikono yake inatetemeka, au anayebonyeza kwa kijiti alichokishika mdomoni.

Nabonyeza Tab, kibonye cha kurukia kipengele kinachofuata. Sijui nipo wapi. Kuna aliyeona ule mstari unaozunguka kitufe kilichochaguliwa unaharibu sura ya ukurasa, akaufuta kwa mstari mmoja wa CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa. Naenda kwa kubahatisha mpaka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kalenda inafunguka, na hapo ndipo safari inapoishia: Tab inanizungusha humo humo, Escape haiitikii, kutoka hakuna. Dawa pekee ni kuupakia ukurasa upya, na nilichokwisha jaza kinapotea chote.

Najaza tena, safari hii nikiiruka kalenda, mpaka kwenye "Tuma Maombi". Tab inakipita kitufe hicho. Nafungua msimbo: si kitufe, ni kisanduku cha kawaida kilichopakwa rangi kikafanana na kitufe. Kinasikia kipanya tu.

Saa 5:00

Nawasha NVDA, kisoma skrini cha bure, yaani programu inayosoma ukurasa kwa sauti, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, James Teh akajiunga naye, wote wasioona. Ukurasa umeandikwa kwa Kiswahili safi, lakini kinachotoka kwenye spika hakieleweki: irabu zimepindishwa, mkazo umekaa pasipo pake, "ng'" imekuwa kitu kingine. Sababu naijua kabla ya kuangalia. Waliojenga walichukua kiolezo kilichotangaza kwamba lugha ya ukurasa ni "en", yaani Kiingereza, wakatafsiri maneno yote, tangazo wakaliacha. Kisoma skrini kinatii tangazo. Sauti ya Kiswahili kinayo, ila hakuna aliyekiambia kiitumie. Kurekebisha ni kufuta herufi mbili na kuandika "sw".

Kosa hili nalikuta kwenye tovuti za Kiswahili kuliko jingine lolote, na programu nyingi za kupima hazilikamati, kwa sababu "en" nayo ni lugha halali.

Saa 6:00 mchana

Mwenzangu wa majaribio ameingia. Haoni, na anasikiliza kwa kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu. Anabonyeza H kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Hakuna, maana vichwa vyote ni maandishi ya kawaida yaliyokolezwa wino. Anashuka mstari kwa mstari hadi "Tuma Maombi", anabonyeza Enter, ambayo kisoma skrini kinaigeuza kuwa mbofyo wa kipanya, anangoja.

Kimya.

"Dada, imeenda au haijaenda?"

Mimi naona juu ya ukurasa kwamba namba ya simu imepungua tarakimu, ujumbe mwekundu kabisa. Yeye hajaambiwa kitu. Anabonyeza tena. Kimya tena. "Hapo mimi ningefunga kompyuta nikasema nimeshaomba," ananiambia.

Saa 8:00

Ripoti. Kipimo ni WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumiwe na wenye ulemavu, wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, uliotoka Oktoba 2023, wenye ngazi A, AA na AAA. Wateja wengi husikia "A" wakadhani ni jambo dogo la kungoja. Ni kinyume: kukosa A ndiko kunakomfungia mtu mlango. Kalenda ni A, kitufe ni A, lugha ni A. Kwa hiyo sipangi kwa namba za vifungu. Napanga kwa aliyekwama. Wa kwanza ni yule asiyeweza kutuma.

Saa 9:30 alasiri

Kikao na madevelopa. Mmoja anauliza kama haiwezekani kubandika kile kidude cha pembeni kinachodai kurekebisha kila kitu. Namwambia mtu asiyeona anakuja na chombo chake, amekipanga anavyotaka. Kidude kinamwongezea kelele, na kalenda inabaki mtego. Mwingine anataka kukiongezea kile kisanduku sifa ya ARIA, lebo ya msimbo inayokiambia kisoma skrini kitu ni nini, ili kijiite kitufe. Kitajiita, ndiyo, lakini Enter na kibonye cha nafasi bado havitakifanya kitu mpaka mtu aviandikie msimbo. Kitufe halisi cha HTML, lugha inayojengea kurasa za wavuti, kinakuja na hayo yote bure.

Meneja anauliza watu wenyewe ni wangapi. Swali hili silipendi, ila jibu lipo: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Wa kwenu hamwezi kuwahesabu, nikaongeza, maana maombi yao hayajawahi kuwafikia.

Saa 11:00 jioni

Wamenitumia toleo la majaribio. Lugha ni "sw". Kitufe ni kitufe. Nikikosea namba ya simu, kisoma skrini kinanisomea kosa na kunirudisha kwenye kisanduku chenyewe. Mstari wa kuonyesha nilipo umerudi pia, mnene na wa buluu, baada ya mabishano na dizaina.

Kalenda bado. Nimependekeza visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka; tarehe yake ya kuzaliwa kila mtu anaijua kichwani, sioni kwa nini arudishwe nyuma mwezi mmoja mmoja kuitafuta. Wamesema watajibu Jumatatu. Kwenye ripoti nimeiacha na alama ya "haijafungwa".