Mpira wa Chini wa Rejeta

Mwaka 2014 Corolla yangu, iliyotengenezwa mwaka 1996, ilianza kupungukiwa na maji ya rejeta bila kudondosha tone lolote pale nilipokuwa nikiiegesha, nyumbani Sakina. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, nilikokuwa nikifundisha fizikia, nilifungua boneti, nikakuta maji ya chupa ya akiba yameshuka chini ya alama, nikaongeza. Fundi wa kwanza niliyempelekea, hapo mjini Arusha, alisema bila kuchunguza sana kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua na kwamba hedi lazima ishushwe. Bei aliyoitaja ilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu mwezi ule. Nilimshukuru nikaondoka, kwa sababu kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimetoka na oili safi, ambayo haikuwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, na wala bomba la moshi halikuwa likitoa moshi mweupe injini ikiwa imepata moto. Dalili hizo mbili, ambazo gasketi iliyoungua mara nyingi huzionyesha, sikuziona.

Jumatatu iliyofuata nilipaswa kumpeleka Mama kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi, mwendo wa kilomita takribani 80. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi niliendesha polepole hadi Tengeru, kwa Baba Mdogo, aliyekuwa amestaafu baada ya kufanya kazi ya ufundi wa magari katika karakana ya halmashauri kwa muda mrefu wa maisha yake. Alinipokea, akasikiliza maelezo yangu yote, kisha akakataa kugusa chochote.

“Acha ipoe kwanza, mwanangu. Tutakunywa chai.”

Injini ilipopoa aliuminya mpira wa juu wa rejeta, mmoja wa mipira miwili inayopitisha maji kati ya rejeta na injini, kwa vidole ili ahakikishe kwamba hauna shinikizo, akafunika mfuniko kwa tambara lililokunjwa, akauzungusha kidogo, akangoja, ndipo akaufungua. Baada ya hapo alilala chini ya gari na tochi. Hakutafuta maji, alitafuta alama ambazo maji huziacha yakishakauka, na aliziona mahali ambapo mpira wa chini unaungana na injini, kwenye nyumba ya thamostati, vali inayofunguka injini ikipata joto: ukoko mweupe wenye ukingo wa rangi ya kutu, ulioanzia chini ya klipu na kuteremka kwenye ubavu wa injini hadi ukapotea. Tundu lilikuwa dogo kiasi kwamba lilitoa maji wakati tu mfumo ulipokuwa na moto na shinikizo, na maji hayo yalikauka juu ya chuma cha moto kabla ya kufika ardhini. Nilipozima gari shinikizo lilishuka, na uvujaji ukakoma.

Hapa ndipo nilipoona uzito wa jambo ambalo huku kwetu halipewi nafasi linayostahili. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Injini ya petroli ya aina ile hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95, kwa maana kwamba bila kinga yoyote maji yake yangekuwa ukingoni mwa kuchemka kila siku. Kinga hiyo ni mfuniko wa rejeta, ambao ulikuwa umepigwa chapa ya 0.9. Unazuia shinikizo la karibu baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo) zaidi ya hewa ya nje, na hivyo kusukuma kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linaweza kuondoa sehemu kubwa ya kinga hiyo, na hapo gari huchemsha hata kama maji yaliyobaki ni mengi. Mtu anayeongeza maji kila asubuhi anarudisha maji, lakini shinikizo halirudishi.

Tulikinga beseni chini ya rejeta tukalegeza kizibo. Maji yalitoka rangi ya udongo, jambo lililomsikitisha Baba Mdogo kuliko uvujaji wenyewe, kwa kuwa lilimaanisha kwamba aliyelimiliki gari kabla yangu alikuwa akijaza maji ya bomba matupu. Sisi hatuna barafu ya kugandisha injini, kwa hiyo wengi huona kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ili yasigande, ni anasa ya nchi za baridi, ilhali huku kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na ukoko. Beseni lilifunikwa kwa ubao mara moja, maana huenda maji yale yalikuwa na mabaki ya kulanti, ambayo ina utamu unaowavutia mbwa na watoto, nayo ni sumu.

Klipu ya springi ilitoka kwa plaizi, lakini mpira wenyewe ulikuwa umeganda kwenye shingo ya alumini. Nilinyoosha mkono kuchukua bisibisi ili niuchokonoe, Baba Mdogo akaniwahi.

“Shingo hiyo ukiikwangua umejitafutia uvujaji mwingine. Mpira umeshakufa, uchane.”

Aliuchana kwa wembe, kwa urefu, bila kuzama hadi kwenye chuma, kisha akaubandua. Kwa nje mpira ule ulikuwa mweusi na mzima. Kwa ndani, karibu na ncha, sehemu ile iliyofichwa na klipu, ulikuwa na nyufa ndefu zilizofuata urefu wake, na mmoja wa nyufa hizo ulikuwa umepenya hadi nje. Shingo nayo ilikuwa na unga mweupe na vishimo vya kutu ya alumini. Aliilainisha kwa msasa mwembamba uliolowanishwa, akiuzungusha kulifuata duara la shingo na kamwe si kwa urefu wake, kwa sababu mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kupitishia maji. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kufunga mpira wenyewe, na sasa naamini ndiyo iliyokuwa tiba hasa. Mpira mpya ungewekwa juu ya shingo chafu, ungevuja palepale.

Nilipanda daladala hadi mjini na mpira wa zamani kama sampuli. Duka la kwanza walinipa mpira ulionyooka, wakasema nitaupinda. Niliukataa, kwani mpira wa chini uko upande ambao pampu ya maji inavuta, na mpira uliopindwa kwa nguvu hujikunja penye kona na kuzuia maji. Duka lingine lilikuwa na wenye mapindo yake, uliolingana na sampuli kona kwa kona.

Tuliupaka maji kidogo ili uteleze, wala hatukutumia oili wala grisi, ambazo huula mpira wa aina ile. Klipu aliiweka nyuma ya tuta la shingo. Tulijaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyoondolewa madini, si asidi. Kisha tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto, tukitazama mapovu ya hewa yakitoka, mpaka mpira wa chini ulipopata joto kwa ghafla chini ya kiganja changu. Thamostati ilikuwa imefunguka. Maji yalishuka, tukaongeza, tukafunga.

Jumatatu tulikwenda Moshi na kurudi, Mama akiwa kiti cha mbele, na asubuhi ya Jumanne, injini ikiwa baridi, maji ya chupa ya akiba yalikuwa kwenye alama ileile. Baba Mdogo alinisisitizia kwa simu kwamba mpira wa juu una umri uleule na hauna sababu ya kuwa na afya tofauti. Niliubadilisha mwezi uliofuata, na tulipouchana tulikuta ndani yake nyufa za namna ileile, fupi bado, zikianzia pia chini ya klipu.