Chombo Kilichomo Mkondoni: Kujifunza Kurusha Maikrolaiti

Maikrolaiti, yaani ndege ndogo nyepesi sana, ninayojifunza kuirusha haina mkia. Ni bawa la kitambaa kigumu lililovutwa juu ya mabomba ya alumini, na chini yake kimening'inia kigari cha magurudumu matatu chenye viti viwili, kimoja mbele ya kingine, na injini nyuma yao. Asili ya bawa hilo ni kazi ya Wamarekani wawili, Francis Rogallo na mkewe Gertrude, walioomba hataza ya bawa la kitambaa mwaka 1948. Mwaka 1963 John Dickenson wa Australia aliliundia fremu na fimbo ya kuongozea, ili mtu aliyevaa ski za maji avutwe na boti mpaka ainuke. Nimefurahi kujua kwamba bawa hili lilipita majini kabla ya kufungwa injini, kwa kuwa na mimi nimelifikia kwa njia hiyo hiyo.

Masomo ya urubani niliyaanza Uingereza, nilikokwenda kwa ajili ya chuo. Nilipokuja likizo nyumbani Mkokotoni, Unguja, ami yangu, ambaye amekuwa nahodha tangu ujana wake, alitaka nimweleze kila kitu, na hakuridhika na majibu mafupi. Jambo lililomshughulisha zaidi ni kwamba ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. "Mwanangu," aliniuliza, "upepo wa nyuma ndio raha ya safari. Mbona nyinyi mnaukimbia?" Nilimweleza kwamba bawa halijali mwendo wake juu ya ardhi; linachotaka ni hewa ipite juu yake kwa kasi ya kutosha. Ukiukabili upepo wa kilomita 20 kwa saa, tayari bawa limekwishapata kilomita 20 kabla magurudumu hayajazunguka, na kwa hiyo utahitaji njia fupi zaidi ya kurukia. Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hicho chombo si cha tanga. Hicho kimo mkondoni."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kutoka kwa mkufunzi yeyote. Sisi tuliolelewa pwani tunadhani tunaujua upepo, na kweli tunaujua, lakini tunaujua kwa jinsi unavyolisukuma tanga la chombo kinachoshikiliwa na maji. Ndege ikishaacha ardhi haishikiliwi na chochote. Imo ndani ya hewa inayosafiri, kama mtumbwi ulivyo ndani ya maji yanayopita kati ya Mkokotoni na Tumbatu wakati wa bamvua: mpiga kasia hausikii mkondo kabisa mpaka atazame ufukwe na kuona unavyomkimbia.

Hatari ya mwanafunzi iko hapo hapo kwenye ufukwe. Tuseme ndege inakwenda kilomita 90 kwa saa ndani ya hewa, na upepo ni kilomita 30. Ukiukabili upepo, ardhi inapita chini yako kwa kilomita 60. Ukigeuka na kuupa mgongo, inapita kwa kilomita 120, yaani mara mbili. Bawa halikuhisi badiliko lolote, lakini macho yameona mbio, na mikono inataka kupunguza mwendo. Mtu akipunguza hapo, akiwa chini na katikati ya kona, bawa linaweza kupoteza nguvu ya kuinua, na hakuna kimo cha kutosha cha kulirudishia. Ndiyo maana mkufunzi hurudia bila kuchoka kwamba kasi inasomwa kwenye kipimo cha mwendo wa hewa, na kwamba ardhi si ya kuaminiwa katika jambo hilo.

Fimbo ya kuongozea nayo ina mantiki yake. Ukiisukuma mbele, pua inapanda na mwendo unapungua. Ukiivuta kifuani, pua inashuka na mwendo unaongezeka. Kwa kuwa unachosogeza ni uzito wako chini ya bawa, ukiisukuma kulia ndege inageuka kushoto. Aliyewahi kushika kana ya usukani wa mashua hatashangaa, maana nayo huipeleka omo, yaani pua ya mashua, upande wa pili. Kigumu zaidi ni kuivuta fimbo, yaani kuelekeza pua chini, wakati ambapo mwili mzima unaogopa kuanguka. Kuvuta huko ndiko kunakorudisha kasi, na kasi ndiyo uhai wa bawa. Ningependa kila anayeanza apewe muda mrefu wa zoezi hili kwenye kimo kikubwa, kabla hajaanza kufundishwa kutua.

Uingereza leseni yake kamili inataka angalau saa 25 za kuruka, 10 kati ya hizo ukiwa peke yako. Kwetu mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndiko pa kuanzia kuuliza kabla ya kufikiria kununua chombo, kwa sababu anga ya kandokando ya uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume ina ndege kubwa zinazopanda na kushuka, na si mahali pa kuingia bila ruhusa.

Hali ya hewa yetu ina wema wake. Asubuhi na mapema, kabla ardhi haijapata joto, hewa huwa tulivu, na huo ndio wakati wa mwanafunzi. Kusi ya Juni na Julai ni ya kuiacha ipite. Lakini bahari inadai tahadhari. Injini ikizimika, bawa la aina hii huteleza kama mita 7 au 8 mbele kwa kila mita moja linayoshuka, kwa hiyo kutoka kimo cha mita 300 utafika kilomita mbili na kitu, na huo ndio umbali wa mwisho wa kujitenga na nchi kavu, tena pale ambapo upepo hauko kinyume nawe. Hata chombo kilichoegeshwa kina adui wawili hapa: chumvi inayokula bolti na mabomba ya alumini, na jua linalochakaza kitambaa na nyuzi zake. Kwa hiyo kinahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kuruka, kufunikwa, na kukaguliwa mshono kwa mshono na mtu asiye na haraka.