Ndimu, chumvi na sinia la bibi

Juzi, katika matayarisho ya Maulidi, mpwa wangu alikamulia ndimu sinia la shaba nyekundu, akanyunyiza chumvi, na harufu ikanifikia chumba cha juu. Nikaweka kalamu. Harufu hiyo ni kali, na nyuma yake mna ladha kama ya damu kwenye ulimi.

Sinia ni lile lile, na ua ni ule ule wa Mkomani. Likizo ya 2012 nilikuja na daftari lililojaa michoro ya molekuli. Bibi alikuwa ameshaanza kuniita kwa jina la mama.

Tuliketi mkekani, yeye akisugua kwa kumbi la nazi. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

"Na huko wasoma nini, mwanangu?"

Nikamwambia nasoma maradhi ya kusahau. Sikusema ni yake. Nikalishika sinia kama ubao wa darasani. Ubongoni, nikasema, mna kipande cha protini kiitwacho beta-amiloidi. Shaba hukishika penye histidini, mojawapo ya viungo vilivyopangwa mnyororo kuunda protini, ile ya nafasi ya 6, ya 13 na ya 14, na vipande vikirundikana, seli za jirani huumia. Mimi nachora molekuli ndogo yenye sehemu mbili: moja ya kuitambua amiloidi, nyingine ya kuibana shaba baina ya atomu ya naitrojeni na ya oksijeni, kama kaa anavyobana kwa gando. Wataalamu huiita kelati, na asili ya neno ni gando kwa Kiyunani.

"Kama ndimu," akasema.

Kama ndimu hasa! Asidi yake nayo huishika shaba. Nilifurahi mno.

Akainamisha sinia. Mai ya ndimu yakateremka taratibu, yamegeuka kijani chepesi, yakafika ukingoni, yakaning'inia, yakadondoka sakafuni. Akayatazama mpaka yakaingia kwenye ufa.

"Haya, umeitoa. Sasa yaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Michoro yangu yote iliishia pale shaba inaponaswa. Na shaba si uchafu. Bila hiyo seli haziwezi hata kutumia oksijeni. Waliounda PBT2, dawa ya majaribio ya maradhi haya iliyotokana na kliokwinoli, dawa ya zamani ya kuua vijidudu, hawakukusudia kuimwaga shaba nje. Walitaka iachane na amiloidi, kisha irudishwe ndani ya seli zinazoihitaji. Hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini kwenye daftari langu hayakuwemo. Usiku ule nilifuta kurasa nyingi. Molekuli yangu haikufika hata kwa panya, na mwaka 2014 majaribio ya PBT2 kwa wagonjwa yalikosa lengo: amiloidi haikupungua kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Swali la bibi ninalo mpaka leo.

Ila jioni ile haikuishia hapo. Kabla sakafu haijakauka, akaniuliza tena, kwa sauti ile ile ya upole:

"Na huko wasoma nini, mwanangu?"

Nikaanza upya: protini, shaba, gando. Safari hii hakusema kama ndimu. Aliitikia tu, "Ehee," huku akisugua. Sinia lilikuwa limeshang'aa kitambo, hapana kutu tena, kilichokuwa kikitoka sasa ni shaba yenyewe. Nilinyoosha mkono nimzuie. Akainua uso akatabasamu, akaniita jina la mama.

Nikamkatia ndimu nyingine.