Mkebe Uliotoka Ndani

Nimefika Mombasa jana jioni kwa basi kutoka Mokowe. Begi limelala pale mlangoni, sijalifungua lote. Nilichotoa ni kitu kimoja tu, mkebe wa biskuti wa bati, kutu imeula pembeni, na mfuniko wake haufunguki mpaka uupige kisigino cha kisu. Ndani yake mna picha 143. Nimezihesabu mara tatu, kama mtu aliyewekewa pesa za watu.

Asiyejua nyumba za kale za Amu, yaani Lamu, nimweleze kidogo, maana bila hilo hataelewa kwa nini safari hii ilinichukua siku tisa badala ya mbili. Ukitoka njiani unakutana na daka, hapo ndipo wanaume hukaa wakazungumza. Ukivuka mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana miwili, kumbi ndefu zinazofuatana. Mwisho kabisa, penye giza na baridi, kuna chumba kiitwacho ndani. Jina lake ni hilo tu. Vitu vya thamani hukaa ndani, na mkebe wa Bibi umekaa ndani tangu kabla sijazaliwa. Kuuomba ni kama kuomba mtu avue nguo.

Niliuomba kwa sababu ya maziko. Mwaka jana alifariki babu yangu mdogo, ndugu yake babu. Watu walipokaa matanga, mjukuu mmoja aliyezaliwa mbali akataka aone sura yake. Tukatafuta nyumba nzima. Iliyopatikana ni picha ya kitambulisho. Mtu aliyeishi miaka themanini na kitu, aliyepakia boriti za mikoko kwenye majahazi ya Ghuba mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, aliyejua kusoma nyota na kutukana kwa adabu, akabaki na uso wa kipande: kofia ameambiwa avue, macho yamemtoka kama aliyeshikwa na polisi. Nilisikia vibaya siku ile, na bado.

Basi nikaanza kuuliza. Kwanza kwa simu, kwa shangazi, kwa binamu walioko Dubai na Muscat. Kila mtu aliniambia maneno yale yale: zilikuwako, zikaliwa na mchwa; zilikuwako, zikachukuliwa na fulani; zilikuwako, tukahama. Pwani haipendi karatasi. Hewa ya chumvi na unyevu hufanya picha zishikane kama chapati zilizopangwa zikiwa moto, na ukizibandua uso wa mmoja hubaki mgongoni mwa mwingine. Zile nyeusi na nyeupe zimestahimili. Za rangi, hasa za miaka ya sabini, zimegeuka nyekundu zote. Kijani cha bahari kimekufa, buluu imekufa, kila mtu anaonekana kama amesimama jua linapotua. Na zilizowekwa kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, tulizoziona za kisasa sana, ndizo zilizoharibika kuliko za mkebeni. Bati la biskuti limeishinda albamu ya duka.

Siku ya kwanza Bibi hakuutoa. Siku ya pili akanipa picha nne, kama anayemwonjesha mtu mchuzi. Siku ya tatu akaniita baada ya alasiri. "Ndoo, keti hapa karibu, mato yangu yameisha kazi. Nambie waona nini, nami takwambia ni nani."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nikieleza, yeye akitaja. Nikagundua kwamba hamtambui mtu kwa uso. Nikimwambia pua, mdomo, alama ya shavuni, anasema siyui. Nikimwambia kiti cha mkeka chenye mguu uliofungwa kamba, anataja nyumba. Nikimwambia pazia la studio lenye minazi na ndege iliyochorwa, anataja mwaka ambao fulani alirudi Hija. Nikimwambia maua ya leso, anacheka, anataja harusi, kisha anataja walionuniana kwenye harusi hiyo. Picha moja ilituchukua tangu alasiri mpaka magharibi. Niliandika nyuma ya kila moja kwa penseli laini, taratibu, maana kalamu ya wino huchubua na kupenya upande wa pili. Alipoanza hadithi nilibonyeza simu irekodi, naye akazoea, akawa anauliza, "Imeshika?"

Kuna jambo la Amu ambalo wageni wanalijua kuliko sisi: palikuwa na mpiga picha huko aitwaye Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993. Alijulikana kwa picha za kukata na kubandika, akimtoa mtu alipo na kumweka anapotamani. Watafiti wa Ulaya wameandika kumhusu, nasi tulimwona kama jirani mwenye duka. Mkebeni imo moja ya namna hiyo: ami yangu, masharubu ndiyo kwanza yameota, kichwa chake kimechipuka katikati ya waridi. Nilicheka mpaka Bibi akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza hakucheka. "Alipeka posa siku iyo akakataliwa," akasema. "Ile picha ilikuwa iende kwa mwanamke." Haikwenda. Imekaa mkebeni zaidi ya miaka hamsini.

Sasa niandike lililonivunja, maana shajara ya kujisifu haina faida.

Miezi sita iliyopita, kabla ya safari hii, binamu mmoja alinitumia picha ya shangazi zetu watatu wakiwa wasichana. Nzuri mno. Wamekaa ukumbini, nywele zimesukwa, kilua kifuani, mmoja ameweka mkono begani mwa mwenzake na kichwa kimeinama kidogo. Nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa furaha zangu zote. Kundi lina watu 87. Kufikia usiku ilikuwa imetoka nje ya kundi, na kesho yake ikawa kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua, chini yake maneno ya kusifu uzuri wa wanawake wa zamani. Shangazi mmoja kati ya wale watatu yu hai. Hajatoka nje bila buibui tangu avunje ungo. Mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha.

Hakunigombeza. Alinipigia, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, kisha akasema, "Mwanangu, umenitoa nje." Akakata.

Nilikwenda kumwomba radhi safari hii, nikapewa chai na mahamri, radhi nikapewa pia. Lakini neno lile halijanitoka. Mimi nilidhani nahifadhi. Kumbe nilikuwa naonyesha, na hayo ni mambo mawili. Wenzetu wazee walilijua hilo walipojenga chumba wakakiita ndani. Walihifadhi dhahabu, vyeti vya ndoa, hirizi na picha, wala hakuna aliyesema kitu kimehifadhiwa kwa kuwa watu wengi wamekiona.

Ndiyo maana mwanisomao hamtaona picha hata moja hapa. Nimeulizwa sana. Jibu ni hilo.

Hata hivyo sitaki mtu aniambie basi zifungwe zote zioze kwa heshima. Nimeona upande wa pili pia. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko uitwao Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960, nao wameziweka mtandaoni. Nimekesha nazo usiku mwingi, nikikuza nyuso, nikitafuta pua ya kwetu. Nawashukuru waliozitunza. Lakini picha za enzi ile, popote zilipo, zina ugonjwa mmoja: Mzungu aliyesimama katikati ana jina na cheo, waliomzunguka ni wenyeji. Na zile kadi za posta zilizouzwa Unguja na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke amevaa kanga zake na vipini vyake, chini pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Ana mama yake huyo. Ana watoto waliomlilia. Kilichohifadhiwa ni nguo.

Mji wetu nao, mwaka 2001 UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia. Nyumba zikahesabika, milango ikapigwa picha kwa nakshi zake. Naujua mlango mmoja wa mtaa wa Mkomani ambao umepigwa picha mara elfu, na simjui mtu hata mmoja awezaye kunitajia nani alizaliwa nyuma yake.

Nilikuwa nimefikiria hayo yote, nikajiona nimeerevuka, mpaka siku ya saba tulipofika picha ya 112.

Ni picha ndogo yenye ukingo mweupe uliokatwa mawimbi. Ami, yule wa waridi, alikuja na kamera kutoka Kuwait akapiga watoto wa nyumba wakiwa wamejipanga kwenye daka siku ya Idi. Nikamtajia Bibi mmoja mmoja kwa kanzu na viatu, akawataja wote sita, baba yangu akiwamo, kamasi zikimtoka. Nikataka kuiweka upande. Kisha nikaona pembeni kabisa, pale picha inapokatika, nusu ya mwanamke ameshika sinia. Jicho moja, bega moja, leso. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara ngapi sikumwona.

Nikamwambia Bibi, kuna mtu mzima pembeni ana sinia.

Akanyamaza. Nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Uyu ndiye alonipa ziwa," akasema.

Nilimwelewa polepole. Mama yake Bibi aliugua homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Mwanamke huyu alikuwa na mtoto mchanga, akawanyonyesha wote wawili. Alikuwa mtu wa nyumba, Bibi alisema hivyo, na neno hilo sisi wa Amu tunajua linabeba nini. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini sheria haifuti mazoea ya nani anashika sinia na nani anakaa kitini. Alizaliwa baada ya hapo, akaishi na kufa katika nyumba za watu wengine.

Sasa, kwa dini yetu, aliyekunyonyesha ni mama. Watoto wake ni ndugu zako, huwezi kuwaoa, unaweza kukaa mbele yao bila buibui. Yaani Bibi ana mama wa pili na ndugu ambao sisi hatukuwahi kuambiwa. Kwenye ukumbi wa ami mkubwa umetundikwa mti wa nasaba, umeandikwa kwa wino mzuri, unakwenda mpaka Hadhramaut kule Yemen. Nao pia huitwa shajara, kama hii niandikayo. Nimeutazama tangu utotoni. Mwanamke wa sinia hayumo, na asingeweza kuwamo. Ule mti hauna tawi la maziwa.

"Watoto wake wapo?" nikauliza.

"Wapo mtaa wa Langoni. Mbona wawayua. Wale tunowapelekea pilau siku ya Idi."

Nawajua. Nimewapelekea pilau hiyo mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi, nikaambiwa nisikae sana. Nilidhani ni sadaka. Yule mzee wa pale aliyekuwa akinipa embe la kurudi nalo ndiye aliyenyonya pamoja na Bibi. Ni babu yangu.

Sikujua niulize nini. Nikauliza la kazi, kama mtu anayeshika ukingo wa boti: jina lake nani. Bibi akalitaja jina, akataja jina la mama yake, akaishia hapo, kwa kuwa la baba hakuwahi kulisikia likitajwa. Nikaliandika kwa penseli nyuma ya picha, na mkono haukuwa umetulia. Kisha nikamuuliza hii niiweke wapi, maana tangu yule shangazi nina bahasha mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na kila picha Bibi ndiye huamua.

"Iyo si yangu kuamua," akasema. "Muulize mwanawe."

Leo asubuhi nimepita kwa mtu mwenye skana nzuri. Nimeipitisha kwa nukta 600 kwa inchi, nikaikuza pembe ile peke yake, watoto wa Idi wakabaki nje ya fremu. Jicho limetoka wazi kuliko nilivyotazamia. Anamtazama mpiga picha moja kwa moja. Nimechapisha nakala mbili kwenye karatasi nzito, moja picha nzima, moja yeye peke yake, nimezitia kwenye bahasha isiyo na alama.

Ruhusa kazini nimeomba ya siku tatu. Basi la Mokowe ni Alhamisi usiku. Mzee wa Langoni, nimeambiwa, hasikii vizuri siku hizi lakini macho yake yako sawa.